Leo, Njia Iko Wazi

Nilifunga kompyuta juu ya vidole vya Directeur. Sikupanga. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na sahani ya sambusa mkononi, kwa sababu siku ya wageni ni sisi wanawake wa bureau tunaopitisha sahani, hata kama tumesoma mpaka diplome d'Etat ya sekondari, naye alikuwa anawasomea wageni watatu kutoka Goma ripoti ya mwaka ya umoja wetu wa madereva. Alifika kwenye ukurasa unaohusu site, tovuti yetu. Akakohoa kidogo, akajiweka vizuri, akasema kwa ile sauti yake ya Jumapili: "Na tunamushukuru Mungu, mesdames et messieurs, mwaka yote site yetu haikuanguka hata siku moja. Hata saa moja." Wageni wakapiga makofi. Nikaweka sahani juu ya kabati, nikapitisha mkono juu ya bega lake, nikabamiza kifuniko. Alilia kama mtoto aliyebanwa na mlango. "Mama Masika! Uko na wazimu?" Nikamjibu mbele ya wote: "Ni kweli, Directeur, haikuanguka. Kama ingeanguka, mama yangu angekuwa nyumbani." Wageni walitazama sambusa. Hakuna aliyeuliza mama yangu ni nani. Nikashuka ngazi na hasira niliyokuwa nimeikalia karibu mwaka mzima kama mtu anayekalia sanduku lisilofungika.

Nitaueleza mwaka huo. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, na nilikuwa na kazi, jambo ambalo hapa Butembo si dogo. Bureau ilikuwa ghorofani, juu ya duka la misumari na mabati. Asubuhi baridi ilipenya kati ya mbao za dirisha na pumzi zetu zilionekana kama moshi. Kulikuwa na meza mbili, thermos ya chai yenye mfuniko uliopasuka, ramani ya njia ukutani, na kompyuta iliyofunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono kama kochi la nyumbani. Kazi yangu ilikuwa moja. Kila asubuhi, kabla jua halijapasha bati, watu wanaoishi kandokando ya njia ya Beni walinipigia simu: mama anayeuza avoka, mwalimu, mwenye pikipiki. Wakinieleza walichoona na walichosikia, nilifungua site yetu kwa mlango wa nyuma, ule wa wenye kazi, nikachagua moja kati ya sentensi tatu. Leo, njia iko wazi: hiyo ilikuwa ya kijani. Leo, njia ni ya kuangalia: manjano. Leo, njia imefungwa: nyekundu. Juu yake kulikuwa na jina la siku na tarehe, ambavyo site ilijiandikia yenyewe. Basi. Hakuna kingine. Lakini kwa sentensi hiyo magari yaliondoka au yalilala.

Kule Beni walikuwa na desturi ambayo sijaiona mahali pengine. Kwenye parking ya magari yanayopanda Butembo, hakuna abiria aliyeingia garini kabla njia haijasomwa. Mkuu wa parking, Papa Paluku, mzee wa kwaya ya Waprotestanti, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi nyuma ya kichwa, alisimama juu ya jiwe, akazima sauti ya simu ili mtu asimkatize, akaishika mbali na macho kama watu wa umri wake wanavyofanya, na kuisoma sentensi yangu kwa sauti kubwa. Ikiwa ni ya kijani, watu walijibu Amina. Halafu sala fupi, halafu injini. Mama yangu, ambaye mwanangu alimwita koko na mwishowe sisi sote tukamwita hivyo, alizoea kumwiga kwenye simu. "Leeeo! Njiaaa! Iko waziii!" Nami nilicheka huku nikipuliza chai. Nilijisikia mtu mkubwa. Neno nililoandika na vidole vyenye baridi lilikuwa linajibiwa Amina umbali wa milima yote ile.

Masika, binti yangu, alikuwa na miaka minne na aliishi na koko kule Beni. Si kwa kupenda kwangu. Kifua chake hakikukubaliana na baridi ya Butembo. Alikohoa mpaka akatapika, na muuguzi akaniambia nimteremshe kwenye joto. Koko alikuja akambeba mgongoni. Kila mara walipoweza walipanda kunitazama siku mbili tatu. "Mwanangu," koko aliniambia kwenye simu, "mutoto yako anakula kama askari mwenye ametoka kutembea. Jana amemaliza makemba yangu, ndizi yote ya sahani, akauliza ya jirani." Nyuma yake nilisikia Masika akipinga: "Nilikula moja tu!" Hizo ndizo sauti za mwaka ule, kabla.

Barua za kwanza zilikuja kwenye sanduku la barua-pepe la bureau, ambalo mimi ndiye niliyelifungua. Zilitoka kwa kampuni ya mbali inayotuwekea site kwenye mashine zake. Zilisema site yetu inatumia PHP ya zamani, kwamba toleo hilo halitunzwi tena, kwamba litazimwa na tutahamishiwa jipya, na kwamba mwenye site ajaribu kwanza kama kurasa zake zitafanya kazi. Sikuelewa nusu yake. Niliichapa ile ya kwanza nikaipeleka kwa Directeur wakati wa chakula. Tulikula pamoja kwenye chumba cha nyuma, bugali ya muhogo na sombe, yale majani ya muhogo, siku nyingine makayabu, samaki wa chumvi, sahani moja kubwa katikati. Kambale, fundi wetu wa kompyuta ambaye wote walimwita Ingénieur, ndiye aliyetueleza, huku bonge la bugali likingoja mkononi mwake.

"PHP ni kama mupishi," akasema. "Page yetu ni karatasi yenye imeandikwa namna ya kupika. Mutu akifungua site, mupishi anasoma ile karatasi, anapika, anapakua. Donc sasa mupishi wa zamani wanamutoa, wanaleta mupya. Mupya iko na nguvu, iko haraka, mais kuko maneno ya zamani yenye yeye hataki tena kusikia. Akifika ku ile neno, anatupa mwiko chini, anatoka."

Directeur akauliza: "Huyu wa sasa anapika ao hapiki?"

"Anapika."

"Bon. Basi mumuache apike."

"Directeur, wanamutuma retraite, akapumuzike."

"Hata mimi walinituma retraite, na bado niko hapa nakula."

Tukacheka sote. Mimi pia nilicheka, na mdomo umejaa sombe. Ninaliandika hili ili lisisahauliwe nitakapofika kwenye makosa ya wengine.

Baadaye, wakati wa kunawa mikono, nilimsikia Kambale akijisemea nusu peke yake, nusu kwangu. Mtu aliyeandika site yetu alihamia Kampala na hakuacha maelezo. "Hata mi naogopa kuifungua. Ukigusa hapa, kule inakatika." Alitunza sites nyingine pia hapa mjini: ya parokia moja, ya depo ya kakao, ya shule, ya duka la dawa. Nikamuuliza wenyewe wanasema nini juu ya kubadilisha toleo. Akapangusa mikono kwenye suruali. "Wote wanasema kitu moja. Iko inatembea, usiiguse. Kila mutu anataka aamuke asubuhi, afungue, aone iko pale pale kama jana." Nilikumbuka maneno hayo mwaka mzima. Iko pale pale kama jana. Siku ile niliyasikia kama maneno ya kawaida tu.

Kambale hakuwa mvivu. Kwa kuwa mtandao wetu unaenda kwa kuchechemea, aliweka kitu alichojivunia sana. Mashine ya mbali ilitunza nakala ya ukurasa uliokwisha pikwa, kama mama anayeacha bugali kwenye sufuria iliyofunikwa, ili mgeni akifika ghafla apakuliwe mara moja bila kungoja moto. "Na mupishi hata akianguka," alisema akitabasamu, "wageni watakula ya ku sufuria. Site haitaanguka tena." Directeur alimpiga bega. Sisi tulioingia kwa mlango wa nyuma hatukupakuliwa kwenye sufuria hiyo. Sisi tulipikiwa papo hapo, kwa sababu tulikuwa wenye kazi. Hilo nalo alilisema, na nalo lilipita sikioni kama mlio wa pikipiki barabarani.

Kampuni ilituhamisha kwa hatua mbili. Baada ya ile ya kwanza, juu kabisa ya ukurasa, kabla ya jina la siku, ulitokea mstari wa maneno ya Kiingereza. Kambale akausoma: lilikuwa onyo, kwamba namna site yetu inavyoandika tarehe ni ya kizamani na itaondolewa. Ukurasa ulifanya kazi bado. Lakini ulionekana kama mtu aliyevaa koti zuri na karatasi imebandikwa mgongoni, na wiki ile Directeur alikuwa anangoja wageni. "Toa ile uchafu," akasema. "Watasema nini?" Nilisimama nyuma ya Kambale nikamtazama akifanya. Haikuchukua hata robo saa. Kwanza aliamuru PHP inyamaze, isionyeshe onyo lolote kwa mtu yeyote. Halafu, kwa kuwa ule mstari wa tarehe ulikuwa mzizi wa maneno hayo na hakujua kuuandika upya bila kugusa vingine, akaufuta. Ukurasa ukabaki Leo, na sentensi yake, na rangi yake.

"Na tarehe?" nikauliza.

Directeur akanijibu kutoka mlangoni: "Mama Masika, kuko mutu mwenye hajui leo ni siku gani?"

Nikasema inaonekana safi. Hayo ndiyo maneno yangu. Inaonekana safi.

Barua ya tano ilikuja Jumapili. Ilisema hatua ya pili itafanyika kesho yake mchana. Niliichapa, na Jumatatu asubuhi nikaiweka juu ya meza ya Directeur kabla hajafika. Alipofika aliweka kikombe chake juu yake, na pete ya chai ikabaki pale kwenye neno lililoandikwa kwa wino mzito. Kambale hakuwepo. Alikuwa Lubero kwenye matanga ya baba mkubwa wake, na alisema atakaa mpaka Alhamisi. Asubuhi hiyo simu zote zilikuwa njema. Njia tulivu, malori yanapita, watoto wanaenda shule. Nikachagua kijani. Leo, njia iko wazi. Mchana koko alinipigia: Masika ananisumbua, anataka kuja kuniona, amekwisha funga nguo zake kwenye kitenge. "Nitapanda wiki hii," akasema. "Siku yenye Papa Paluku atasoma muzuri, nitapanda."

Jumanne nilifungua mlango wa nyuma, nikaona weupe. Si maneno, si rangi, si onyo, kwa sababu onyo lilikuwa limeamriwa kunyamaza. Weupe tu, kama shuka lililoanikwa. Nilizima, nikawasha. Weupe. Nikampigia Kambale, nyuma yake wanawake walikuwa wanaimba nyimbo za msiba. "Ni mupishi mupya," akasema kwa sauti ya chini. "Amekataa neno. Ngoja nirudi, nitaitengeneza." Nikauliza watu wa nje wanaona nini. Hakunisikia, au hakujua, au mtandao ulikatika. Nimeliuliza swali hilo tena na tena na kila mtu ananipa jibu lingine. Nilimwambia Directeur. Akasema, pigieni watu simu kama zamani. Njia ilikuwa tulivu siku ile pia, kwa hiyo hatukumpigia mtu, na hakuna lililotokea, na jambo lisilotokea halimfundishi mtu kitu.

Jumatano mama wa avoka alipiga mapema kuliko kawaida. "Mama ya bureau, leo hapana! Waambie watu, leo hapana! Tunasikia masasi ya bunduki tangu alfajiri, na watu wa kule wote banakimbilia huku na magodoro ku kichwa." Nikafungua site kutia nyekundu. Weupe. Nikashuka ngazi mbio mpaka parking ya hapa Butembo, nikawaambia kwa mdomo, na hakuna gari lililoteremka. Nikarudi juu nikampigia Papa Paluku. Simu iliita, ikaita, ikanyamaza. Nikapiga tena. Mara saba. Haikushikwa. Ya koko haikupatikana kabisa. Ndipo nikajiambia maneno ninayoyajua kwa moyo kama Baba Yetu: na wao wanaona weupe kama mimi. Papa Paluku hana cha kusoma. Na kama njia haijasomwa, hakuna anayepanda. Nikatulia. Nikamimina chai. Nikala andazi, na sukari ilibaki kwenye kidole gumba changu, nami nikailamba. Simu yangu mwenyewe ilikuwa mezani, karibu na sahani. Ningeweza kufungua site yetu kama mtu yeyote wa nje, bila mlango wa nyuma. Dakika moja. Sikufungua.

Kule Beni, wakati ule ule, Papa Paluku alikuwa amesimama juu ya jiwe lake. Simu zangu saba ziliingia bila sauti, kwa sababu sauti ilizimwa kwa heshima ya usomaji. Mupishi alikuwa ameanguka tangu Jumatatu, lakini wageni walikuwa wanapakuliwa kwenye sufuria. Akaisoma sentensi yangu ya Jumatatu, ya kijani, isiyo na tarehe, isiyo na siku. Leo. Watu wakasema Amina. Koko akasema Amina. Masika, kwa vile alikuwa anapenda sana sehemu hiyo, alisema Amina mara mbili; abiria mmoja aliyerudi alinieleza kwamba watu walicheka.

Gari halikufika saa nne. Halikufika saa sita. Mchana askari walileta habari, na sitaandika yote waliyosema, kwa kuwa hayo ni ya familia nyingine pia, hasa ya dereva. Nitaandika yangu. Watu wa porini wenye bunduki walitokea kwenye kona, gari likasimama, wenye nguvu wakakimbilia mashambani. Koko alionekana akikimbia na mtoto mgongoni, halafu akaonekana bila mtoto. Walioona jambo la mwisho walisema walimwona akitembea katika mstari wa watu waliofungwa mikono, kuelekea msituni, kichwa chake kimefunikwa kitenge chake cha kijani. Mama yangu hajarudi. Hakuna kaburi, hakuna habari. Kwenye kanisa letu hawajui wamwombee kama nani.

Masika alipatikana Ijumaa. Familia moja ya wakulima ilimkuta kati ya mikahawa, ikampeleka kwa pasta wa kijiji chao. Nilimkuta ameketi kwenye kiti cha mbao, amepewa bakuli la viazi vya kuchemsha, hajala hata kimoja. Yeye aliyemaliza makemba ya koko na kuuliza ya jirani. Nikampakata, nikamuuliza kwa nini hakutoka pale alipokuwa, kwa nini hakuita watu waliopita wakimtafuta. Akanitazama kama mtu mzima anayemweleza mtoto.

"Koko alisema nikae chini ya kahawa. Nisitoke mpaka aniite."

Halafu akaongeza: "Hajaniita."

Kambale alikuwa amerudi Alhamisi, kabla Masika hajapatikana, matope ya Lubero bado kwenye viatu. Siku hiyo sikujua kama nina mtoto au sina. Nilikuwa nimekaa bureau kwa sababu simu za askari zilipigwa pale. Alichukua simu yake, akafungua site kama mtu wa nje, akanipa. Kijani. Leo, njia iko wazi. Siku ya nne ilikuwa bado inawaambia watu hivyo. Akaketi chini, sakafuni, mgongo kwenye kabati. Akanieleza sufuria upya, polepole, naye analia, na safari hii nilielewa kila neno. Halafu akainuka akaitengeneza. Ndiyo. Alifungua karatasi ya mtu wa Kampala, akatafuta yale maneno ambayo mupishi mpya aliyakataa, akayabadilisha. Yalikuwa manne. Thermos ilikuwa bado ina moto alipomaliza. Miezi yote ile ya kuogopa kugusa, na barua tano, na kikombe juu ya barua, na kazi yenyewe haikufika hata muda wa kupoza chai. Hapo ndipo hasira yangu ilipozaliwa, si kwenye ripoti. Kwenye ripoti ilitoka nje tu.

Maana baadaye walinitaka ninyamaze. Directeur alinijia na mfuko wa unga na maneno ya faraja. "Ni problème technique, Mama Masika. Hakuna mutu mwenye alitaka." Mara ya pili akasema tusipige kelele, wageni wa Goma wasije wakasikia vibaya. Papa Paluku yeye alikuja nyumbani kwa miguu kutoka parking ya Butembo, miwani mkononi. Hakuketi. "Mama Masika," akasema, "nilisoma yenye iliandikwa." Nikamwambia najua, papa. Hajapanda tena juu ya lile jiwe. Nami nilirudi kazini, kwa sababu mtoto anakula au hali, lakini lazima kuwe na cha kumwekea mbele. Nikawa nachagua rangi kila asubuhi, na kila asubuhi neno lile lilinitazama, peke yake, bila siku. Nilimwomba Directeur mara tatu tarehe irudishwe. Mara tatu akasema baada ya ripoti. Nikangoja ripoti. Na ripoti ikasema haikuanguka hata saa moja.

Kesho yake ya siku ya sambusa nilienda kwa Kamati ya Uangalizi, ile inayowahukumu wakubwa wa umoja wetu, nikiwa na kurasa mbili za daftari nilizoandika kwa mkono. Katibu akazipokea kwa vidole viwili. "Mama, barua za bureau ni kwa Kifaransa." Nikamwambia: "Papa Paluku alisoma kwa Kiswahili. Watu walikufa kwa Kiswahili. Nitashitaki kwa Kiswahili." Akapumua, akapiga muhuri, akataka kuziweka kwenye jalada. Nikauliza tarehe iko wapi. Akacheka kidogo, kama mtu anayemwonea huruma mwanamke aliyechoka. "Si ni leo?" Nilimtazama tu, na sijui aliona nini usoni mwangu, lakini alichukua kalamu, akaandika siku, mwezi, mwaka na saa, akaniuliza kama inatosha. Nakala yangu ninayo hapa. Inasema hivi:

Kwa Kamati ya Uangalizi ya umoja wa madereva, Butembo.

Jambo: mashitaka.

Mimi Katungu, mama ya Masika, mtumishi wa bureau yenu, ninawashitaki watu watatu.

Ninamshitaki Directeur. Barua tano zilisema toleo la zamani linazimwa na site ijaribiwe kwanza. Nilizitia zote mkononi mwake au mezani kwake. Ya mwisho ina alama ya kikombe, nimeiambatanisha.

Ninamshitaki Ingénieur Kambale. Aliyanyamazisha maonyo badala ya kuyasoma. Alifuta tarehe badala ya kuitengeneza. Aliacha site ihamishwe bila kuijaribu pembeni, akaenda matangani bila kumwachia mtu njia ya kuizima. Nilimwambia nitamshitaki. Alisema niandike jina lake bila kulificha.

Ninajishitaki mimi mwenyewe. Niliona weupe nikadhani wote wanaona weupe. Nilikuwa na simu mezani na sikutazama. Kazi hii ninaiacha mikononi mwenu. Mkiona sistahili, niondoeni.

Papa Paluku simshitaki. Wala msimtafute.

Siwaombi mnirudishie mama yangu, najua hamuwezi. Ninaomba ripoti ya mwaka isomwe upya mbele ya wageni wale wale, na iseme kwamba site haikuanguka, na kwamba kwa kutoanguka kwake sentensi ya Jumatatu ilisomwa Jumanne, na Jumatano, na Alhamisi. Ninaomba, kabla toleo lingine halijabadilishwa, mtu mmoja asimame nje, na simu yake kama mtu yeyote, aone watu wanaona nini.

Na ninaomba neno Leo lisiandikwe tena peke yake. Mama yangu aliliamini. Mtoto wangu bado anangoja kuitwa.